Pedali Mpya Inavuma, Inapiga Mluzi au Imenyamaza: Anza Kuchunguza Nje ya Kisanduku

Pedali ya gitaa, kile kisanduku cha kukanyaga kinachobadilisha mlio kabla haujafika kwenye ampu (kikuza sauti), umeisubiri kwa miezi. Karakana yenyewe ni ya watu wawili au watatu, wanatoa pedali chache kwa mara moja, na ulipobahatika kupata yako ulianza kuhesabu siku. (Waliojiandikisha kwa ajili ya pedali ya King of Tone ya karakana ya Analog Man wanahesabu miaka.) Boksi limefika, umeichomeka katikati ya zile saba ulizo nazo, umekanyaga swichi, na badala ya mlio uliokufanya utoe pesa unasikia mluzi mwembamba juu ya kila noti. Hapo wengi huamua mambo mawili papo hapo: fundi kanidanganya, na kesho naiuza.

Subiri kwanza. Nimewahi kununua pedali tatu zilizotangazwa kuwa mbovu, nia yangu ikiwa kuzifungua nijifunze. Mbili hazikuwa na ubovu wowote. Moja ilikuwa ikinyimwa umeme, na nyingine iliwekwa nyuma ya jirani asiyepatana nayo. Tangu hapo nashika neno moja: pedali mpya haishitakiwi kabla haijasikilizwa ikiwa peke yake.

Kuisikiliza peke yake ni hivi. Itoe ubaoni. Gitaa, kebo moja, pedali, kebo moja, ampu, basi. Kama ina nafasi ya betri, tumia betri mpya ya volti 9. Kama haina, ipe adapta yake isiyogawana na kitu kingine. Nobu zote zitazame juu, saa sita. Piga kwa dakika tano. Tatizo likitoweka, pedali haina hatia: zirudishe nyingine moja baada ya moja mpaka mkosaji ajitokeze. Tatizo likibaki, badilisha kitu kimoja tu kila safari: kebo ya kwanza, kebo ya pili, adapta, gitaa, ampu. Ukibadilisha viwili kwa pamoja hutajua kipi kilikuponya. Na zile kebo fupi za kuunganishia pedali zinazofungwa kwa skrubu bila kulehemu, zishuku kabla ya kitu kingine chochote. Zinalegea zenyewe, na zinapolegea huigiza karibu kila ugonjwa utakaoukuta hapa chini.

Haiwaki kabisa

Pedali nyingi za leo zinafuata utaratibu uliozoeshwa na kampuni ya BOSS: volti 9, plagi ya duara yenye tundu la milimita 2.1, hasi ikiwa katikati. Nyingi, si zote. Fazi (pedali za mkwaruzo mzito) zinazofuata michoro ya miaka ya 1960, zenye transista za jerimani (germanium) aina ya PNP, mara nyingi huwa na ardhi chanya, yaani chanya ya umeme ndiyo inayoungana na ardhi. Ukiilisha fazi ya namna hiyo kwa mnyororo mmoja wa adapta, yaani adapta moja yenye plagi nyingi, pamoja na pedali za kawaida, unakuwa umeunganisha chanya ya huyu na hasi ya yule kupitia kebo za sauti, na ubao mzima unazima. Fazi hiyo ipe betri, au tundu lake la adapta lililotengwa na mengine. Mchoro mdogo ulio kando ya jeki ya umeme usomwe kabla ya plagi kuingia, hata kama una pedali ishirini na hujawahi kukosea.

Ukiwa tayari umekosea, yatakayotokea yanategemea ulinzi uliomo ndani. Baadhi ya mafundi huweka diodi, kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, sambamba na umeme, 1N4001 kwa mfano. Umeme ukiingia kinyume, diodi hiyo inaubeba mkondo wote yenyewe: adapta ndogo itajizima, lakini adapta yenye nguvu itaiunguza, na utasikia harufu. Wengine huweka diodi kwenye njia ya umeme au hutumia transista ya MOSFET, na hapo pedali hulala tu mpaka urekebishe plagi. Kwa hiyo pedali iliyozima baada ya plagi kugeuzwa haijafa mpaka uijaribu tena kwa umeme sahihi.

Volti kuzidi ni hatari zaidi. Kuna imani kwamba ovadraivu (pedali ya mkwaruzo laini) ikipewa volti 18 hupumua vizuri, na kwa baadhi ni kweli. Lakini pedali za ukoo wa Klon Centaur, ovadraivu maarufu, zina chipu ndani, kama MAX1044, inayozalisha volti za juu kutokana na zile 9, na kikomo cha chipu hiyo ni volti 10.5. Adapta ya volti 12 tu inatosha kuiua. Kama fundi hakuandika 18, usimpe 18. Angalia pia kama adapta yako inatoa DC au AC. Zipo za volti 9 za AC zenye plagi ya umbo lilelile.

Suala la mkondo ndilo linalochanganya watu kuliko yote. Volti husukumwa na adapta. Ampea huvutwa na pedali. Adapta ya ampea 2 haiwezi kuiunguza pedali inayohitaji miliampea 10, kwa sababu pedali itachukua 10 zake na kuacha nyingine. Kinyume chake ndicho kinacholeta shida. Ovadraivu ya analogi kwa kawaida haifiki miliampea 20, ila riverbu (mwangwi wa ukumbi) au dilei (pedali ya kurudia sauti) ya kidijitali inaweza kutaka 250 au 300. Ukiichomeka kwenye tundu la miliampea 100, taa itapepesa, itawaka na kuzima, au itatoa sauti iliyochakaa. Soma uwezo wa kila tundu, si jumla iliyoandikwa kwa herufi kubwa juu ya boksi.

Kwa wanaotumia betri: jeki ya kuingilia ndiyo swichi ya umeme. Ni jeki ya stirio, na plagi ya kawaida ya gitaa ikiingia ndipo hasi ya betri inapoungana na ardhi. Bila kebo upande wa kuingilia, taa haiwaki. Ukiiacha kebo humo usiku kucha, asubuhi betri imekwisha. Karakana ndogo hupenda kuziweka jeki juu, zote mbili pamoja, na maandishi yakawa ya urembo kuliko kusomeka, kwa hiyo hakikisha hujazibadilishana.

Inawaka, lakini haitoi sauti

Chomoa umeme kisha piga gitaa. Pedali yenye baipasi halisi, yaani swichi ya mguu inayounganisha jeki kwa jeki, itapitisha gitaa hata bila umeme ikiwa imezimwa. Isipopitisha, tatizo ni jeki, waya au swichi yenyewe, na sakiti ya efekti haihusiki. Nyingi kati ya zile zenye rilei, swichi inayoendeshwa kwa umeme, hupitisha pia, lakini zenye bafa, sakiti ndogo inayoipa sauti ya gitaa nguvu ya kusukuma kebo, hunyamaza kabisa zikikosa umeme, na hilo si ugonjwa.

Gitaa likipita pedali ikiwa imezimwa, likipotea ikiwashwa, tazama nobu kabla ya kufikiria transista. Karakana hizi zinapenda nobu ambazo hazipo kwenye pedali za kawaida. Fuzz Factory, fazi ya karakana ya Z.Vex, ina mahali pa kunyamaza kabisa, na hatua chache mbele ina mahali pa kupiga kelele bila hata kuguswa kwa gitaa. Vyote viwili vimekusudiwa. Pedali za karakana ya Chase Bliss zina safu ya swichi ndogondogo mgongoni zinazobadilisha tabia ya kila nobu, na aliyekuwa nayo kabla yako huenda aliziacha alivyopenda yeye. Zirudishe zote chini, anza upya.

Inavuma au inapiga mluzi

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo pedali nyingi nzuri zinapohukumiwa bure.

Mvumo mzito wa chini ni umeme wa ukutani, hezi 50 au 60 kutegemea nchi. Shika gitaa, washa pedali, kisha jigeuze taratibu mzunguko mzima. Mvumo ukipungua na kuongezeka kadiri unavyogeuka, chanzo ni pikapu, ile sumaku iliyozungushiwa waya chini ya nyuzi, hasa kama ni ya koili moja. Pedali haijauzalisha mvumo huo. Imeukuza tu pamoja na kila kitu kingine, kama ilivyoombwa.

Mvumo usipobadilika hata ukichomoa gitaa, fikiria mzunguko wa ardhi: vifaa viwili vilivyounganishwa ardhi kwa njia mbili, moja kupitia kebo za sauti, nyingine kupitia umeme. Hutokea sana unapotumia ampu mbili, au unapopeleka pedali kwenye njia ya efekti iliyo nyuma ya ampu. Dawa ni transfoma ya kutenganisha kwenye mojawapo ya kebo za sauti, na adapta ambayo kila tundu lake limetengwa kweli. Usikate wala kuziba kamwe pini ya ethi ya plagi ya ampu. Mvumo utaondoka, na pamoja nao kinga inayozuia umeme usipite kwenye nyuzi hadi mikononi mwako.

Mluzi ni kitu tofauti. Dilei na korasi (pedali za kunenepesha sauti) za analogi hutumia chipu za kupokezana ndoo, zinazopitisha sauti hatua kwa hatua, kama MN3005, zinazoendeshwa na saa ya umeme inayogonga maelfu ya mara kwa sekunde. Pedali za kidijitali zina saa yao. Ovadraivu zenye chipu ya kuzidisha volti zina yake. Chukulia moja inagonga mara 31,000 kwa sekunde na nyingine 34,000. Sikio halisikii hata moja. Lakini zikikutana kwenye waya mmoja wa umeme, kisha zikachanganyika ndani ya pedali yenye ukuzaji mkubwa, tofauti yao, yaani 3,000, inasikika wazi kama mluzi wa birika.

Dalili yake ni hii: zungusha nobu ya muda kwenye dilei. Mluzi ukipanda na kushuka pamoja nayo, ni saa mbili zinazogombana, na kila pedali ni nzima. Zipe matundu mawili yaliyotengwa. Ukijaribu moja kwa betri, mluzi utakufa papo hapo, na hapo una ushahidi wote unaohitaji. Mimi huanza na jaribio hili kila ninapoombwa kutazama ubao wa mtu.

Mluzi ukibaki hata pedali ikiwa peke yake kwa umeme safi, basi kosa linaweza kuwa ndani. Chipu kama MAX1044 hukimbia kwenye masafa yanayosikika kama pini yake ya 1 haikuunganishwa na chanya. Nimelikuta kosa hili kwenye pedali zilizoundwa nyumbani kwa kunakili mchoro haraka.

Kuhusu mchakacho wa juu, ule wa kama mvua ya mbali: ukuzaji mkubwa huja nao. Dilei zenye chipu ya PT2399 nazo huchafuka kadiri unavyorefusha muda, na zikipita karibu theluthi moja ya sekunde uchafu huo husikika. Wapo wanaoupenda. Mimi ni mmoja wao.

Na kama fazi yako inapokea redio, haijalogwa. Nyaya ndefu zisizofunikwa ndani yake zimekuwa antena. Kapasita ndogo ya pikofaradi 100 hivi kati ya mlango wa kuingilia na ardhi kwa kawaida huinyamazisha, na fundi aliyeiunda ataiweka ukimwomba.

Fazi imekonda, au inakatika ikipata joto

Fazi ya Fuzz Face ilipotolewa na kampuni ya Arbiter jijini London mwaka 1966, ilitegemea kuzungumza na pikapu bila mtu kati yao. Mlango wake wa kuingilia una ukinzani mdogo, kwa hiyo pikapu na fazi huwa kama sakiti moja. Weka bafa katikati, na mazungumzo yanakatika: mlio unakuwa mkali, na ile hali ya fazi kusafika unapopunguza volyumu ya gitaa inapotea. Bafa huja kwa sura nyingi. Pedali ya kurekebisha nyuzi ni bafa mara nyingi. Kipokezi cha gitaa lisilo na waya ni bafa siku zote. Wah, ile pedali ya kutikisa kwa mguu inayolifanya gitaa kama linaongea, ikitangulia fazi ya aina hii, wah yenyewe inaweza kupoteza sauti yake au kuanza kulia ovyo. Sogeza fazi iwe ya kwanza kabisa, halafu ndipo uihukumu.

Kama inakatikakatika, noti zikifa kabla ya wakati wake, uliza kuhusu joto. Transista za jerimani huvujisha mkondo zaidi zikipata moto. Kwenye sakiti hii fundi hupanga kolekta (mmoja wa miguu mitatu) ya transista ya pili iwe karibu na volti 4.5, nusu ya betri, na joto la taa za jukwaani au jua la mchana linatosha kuihamisha mbali na hapo. Iweke kivulini nusu saa, ijaribu tena. Karakana nyingi sasa huweka nobu ya nje ya kurekebisha hilo. Kama yako inayo, jifunze kuigeuza kwa sikio kabla ya onyesho. Hulka hii haina tiba, na ndiyo bei ya mlio ambao transista za silikoni haziutoi kwa namna ileile.

Mlio umefifia hata pedali zote zikiwa zimezimwa

Huu ni upande wa pili wa shilingi. Ukiwa na pedali kumi, zote za baipasi halisi, gitaa lako linasukuma urefu wote wa kebo peke yake. Kebo ya kawaida ina takriban pikofaradi 100 kwa kila mita. Mita kumi na mbili, pamoja na viunganishi, na sauti za juu zimeshaanza kumezwa. Wapenzi wengi wa baipasi halisi hulaumu pedali ya mwisho waliyonunua, kwa sababu ndiyo iliyozidisha kipimo. Weka bafa moja nzuri mara tu baada ya fazi. Klon Centaur ina bafa isiyozimika, na naamini sehemu ya sifa zake, hata ikiwa imezimwa, inatoka hapo.

Tak! kila unapokanyaga

Kanyaga mara sita mfululizo. Mshindo ukipungua na kuisha, ni kapasita zilizokuwa zikijaa chaji, hali ya kawaida kwa swichi za kimitambo. Ukibaki uleule, ama rezista ya kumwaga chaji, megaohmu 1 au 2.2 kwenye mlango wa kuingilia, haipo, ama kapasita inavuja. Inayovuja inaweza kuwa ya pedali jirani, basi rudia jaribio pedali ikiwa imetengwa.

Nobu zinazokwaruza ni vumbi mara nyingi, na dawa ya kusafishia viunganishi hutosha. Nobu ya kurekebisha transista kwenye fazi hukwaruza hata ikiwa mpya, kwani umeme wa DC unapita humo. Iache.

Pedali ya mguu na MIDI hazielewani na mpya

Kwa haraka. MIDI, lugha ambayo vyombo vya muziki vya kidijitali hupelekeana amri, kupitia jeki ndogo ya stirio ilianza bila makubaliano, na kiwango cha aina A kilipitishwa mwaka 2018. Pedali za kabla ya hapo, na baadhi za baada yake, zinatumia aina B au mpangilio wao wenyewe. Kebo isiyolingana haiharibu kitu, ujumbe tu haufiki. Vivyo hivyo kwa pedali ya mguu ya kubadilisha thamani: kama inaruka kutoka mwanzo hadi mwisho bila kupita katikati, ncha na pete za plagi zimebadilishana, na nyingi zina swichi ya kugeuza hilo.

Haitoi mlio wa kwenye video

Hakuna kilichoharibika, na bado ndilo lalamiko ninalolisikia zaidi. Aliyerekodi alitumia ampu nyingine, maikrofoni, labda pikapu zenye nguvu mara mbili ya zako, na alikuwa akipiga peke yake. Mfano mzuri ni ovadraivu ya Tube Screamer na watoto wake wote wa karakana. Inainua masafa ya kati, karibu na hezi 720, na kupunguza besi. Chumbani, ukiwa peke yako, inasikika kama mtu anayeongea kwa pua. Bendi ikianza, besi na ngoma zinachukua sehemu zao, na gitaa lako linasimama wazi pasipo kuongeza volyumu.

Ipe wiki mbili na mazoezi mawili ya bendi. Iweke mbele ya ovadraivu nyingine, kisha nyuma yake. Geuza nobu mpaka kwenye pembe usizozipenda. Pedali za karakana ndogo huwa zimeundwa na mtu mwenye sauti moja kichwani, na kuipata sauti hiyo huchukua muda kuliko video ya dakika nane. Tabia ya kuuza ndani ya siku tatu ili kukimbilia toleo jingine inawanyima watu kitu walichokuwa wamekilipia.

Jambo moja dogo kwa wanaotumia ampu mbili au wanaochanganya pedali mbili sambamba: besi zikitoweka zikichanganywa, mojawapo inageuza wimbi juu chini. Ni tabia ya sakiti, si ubovu.

Ikiwa kweli ni mbovu

Umeitenga, umebadilisha kila kitu kimoja kimoja, na bado. Usifungue kwanza. Karakana nyingi huacha kuwajibika pindi mtu mwingine akiingiza kifaa cha kulehemia. Mwandikie fundi, na umpe vitu atakavyovihitaji: unatumia umeme gani, volti ngapi na miliampea ngapi kwa tundu, tatizo linakuwaje kwa betri, gitaa na ampu gani, nobu zilikuwa wapi. Ongeza rekodi ya nusu dakika ukiwa na pedali hiyo pekee. Huyo atakayesoma mara nyingi ndiye aliyelehemu, na barua ya namna hiyo inaweza kumfanya ajue kosa kabla hata hujaituma pedali.

Akikuruhusu kufungua, tafuta kwa macho kabla ya multimita: waya uliokatika kwenye swichi, tone la risasi ya kulehemia linalogusa majirani wawili, mgongo wa nobu uliolala juu ya bodi, jeki iliyozunguka na kusokota nyaya zake. Jeki ikilegea, ishike kwa ndani unapokaza nati, la sivyo inageuka na waya unakatika. Kama sakiti imefunikwa kwa gundi ngumu, kama ilivyokuwa Klon Centaur, funga kisanduku na uirudishe ilivyo.

Kabla ya kuifunga kwenye boksi, toa betri.